Mwalimu wa tuisheni, unapatikana lini? Mwongozo wa kupanga saa zako

Mzazi akipiga simu kuulizia tuisheni, kwanza huuliza bei. Akisharidhika nayo huuliza hili: "Mwalimu, unapatikana lini?" Nilipoanza kufundisha Hisabati na Fizikia nyumba kwa nyumba hapa Dar es Salaam, nilikuwa najibu haraka, "Muda wowote, mama, wewe tu." Nilidhani hilo ndilo jibu la mtu mwenye bidii. Mzazi mmoja alikuja kunieleza baadaye, kwa upole, kwamba jibu lile lilimtia shaka. Alijiuliza, kama mwalimu huyu ni mzuri, mbona hana mwanafunzi hata mmoja? Na siku asipokuja nitamdai nini, wakati hakuniahidi saa yoyote?

Mzazi hanunui Hisabati peke yake. Ananunua Jumanne saa kumi na nusu jioni. Anataka ajue kwamba saa hiyo mtoto ameshakula na kuoga, dada amefungua geti, daftari liko mezani, na yeye akiwa bado ofisini Posta, katikati ya jiji, hana haja ya kupiga simu kuuliza. Mwalimu mwenye saa nne tu za kweli atampata mzazi huyu mapema kuliko mwenye saa arobaini za mdomoni.

Haya nayaandika kwa mwalimu anayefuata wanafunzi majumbani mwao, na mifano yangu ni ya Dar kwa sababu ndiko ninakofundisha. Wa Mwanza au Arusha atabadilisha majina ya barabara, hesabu ni zilezile.

Hatua ya kwanza: andika siku ya mtoto kabla ya siku yako

Chukua karatasi. Usianze na saa ulizo huru wewe, anza na saa alizo huru mwanafunzi. Shule nyingi za msingi za serikali huwatoa watoto mchana, kati ya saa nane na saa tisa. Wa inglishi midiamu wanachelewa zaidi, na kuna watoto ambao gari la shule huwashusha saa kumi na moja kwa sababu wao ndio wa mwisho kwenye mzunguko. Wa sekondari ya kutwa hutegemea daladala, na konda akimwona mtu mwenye sare mlangoni hana haraka naye, kwa hiyo saa ya kengele ya shule na saa ya kufika nyumbani zinaweza kupishana sana. Madarasa ya mitihani nayo mara nyingi hubakizwa shuleni kwa masomo ya ziada.

Kisha kuna madrasa. Katika mitaa mingi watoto wa Kiislamu huenda chuoni alasiri, na Jumamosi na Jumapili asubuhi. Watoto wa Kikristo wana kanisa Jumapili, na wengine mafundisho ya kipaimara au kwaya Jumamosi. Usimwombe mzazi amtoe mtoto chuoni ili aje kwako. Hata akikubali, umeanza vibaya na nyumba ile.

Ukishayapanga yote hayo, utaona dirisha lililobaki ni dogo: siku za kazi, takribani saa kumi jioni hadi saa moja na nusu usiku. Zaidi ya hapo mtoto wa msingi anasinzia juu ya kitabu. Ongeza Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, basi. Kijana aliyemaliza chuo na hana ajira hudhani ana siku nzima ya kuuza. Ana saa tatu na nusu kwa siku, na bado hatujaitoa barabara.

Asubuhi je? Asubuhi ina watu wake. Darasa la Saba hufanya mtihani Septemba na kuingia Kidato cha Kwanza Januari, kwa hiyo kuna miezi zaidi ya mitatu ambayo mtoto yuko nyumbani na mzazi anatafuta mtu wa kumwandaa, hasa Kiingereza na Hisabati. Kidato cha Nne hufanya mtihani Novemba na kuanza Kidato cha Tano Julai, nao wana nusu mwaka na ushee. Wapo pia wanaorudia mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Hao waandikie tangazo lao peke yao lenye saa za asubuhi. Ukizichanganya saa za asubuhi na za jioni kwenye tangazo moja, mzazi wa mtoto wa Darasa la Tano atasoma "asubuhi" na kuendelea na safari yake.

Hatua ya pili: toa barabara

Hapa ndipo ratiba nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza niliishi Kimara na nilikuwa na wanafunzi Mbezi Beach, Segerea na Mbagala. Kwenye karatasi ilikuwa ratiba safi kabisa. Barabarani, kutoka Segerea saa kumi na mbili kasorobo hadi Mbezi Beach saa kumi na mbili na robo haikuwezekana hata siku moja. Nilifika nimelowa jasho, nimechelewa dakika arobaini, naomba radhi mlangoni. Ndani ya miezi miwili nyumba mbili zikanishukuru na kuniambia watanitafuta. Hawakunitafuta, na haki yao.

Fanya hesabu hii kabla hujakubali nyumba yoyote. Tuseme nyumba ya mbali inalipa shilingi 15,000 kwa kipindi cha dakika 90. Kwenda saa moja, kurudi saa moja, nauli 2,000. Umetumia saa tatu na nusu kupata 13,000, yaani kama 3,700 kwa saa. Nyumba ya jirani inalipa 12,000 tu, lakini unatembea robo saa kwenda na robo saa kurudi. Umetumia saa mbili, umepata 6,000 kwa saa, na hujagusa nauli. Siku unayochelewa ukapanda bodaboda kwenda kule mbali, hata ile 3,700 huioni.

Kwa hiyo kata: upande mmoja kwa siku moja. Mimi sasa Jumatatu na Jumatano ni Barabara ya Morogoro tu, kati ya Kimara na Ubungo, ambako mabasi ya mwendokasi hunisaidia. Jumanne na Alhamisi ni Tabata. Mtu wa Tabata akitaka Jumatatu, namwambia Jumatatu siko upande wake. Nyumba mbili za siku moja ziwe za kutembea kwa miguu, au kituo kimoja hadi viwili vya daladala, isizidi hapo.

Nenda mara moja kwa majaribio, siku ya kazi na saa ileile utakayofundisha. Jumapili asubuhi Dar nzima iko karibu. Anayeishi Kigamboni ahesabu foleni ya kivuko, si muda wa kuvuka peke yake. Kumbuka pia masika, Machi hadi Mei: Bonde la Jangwani likijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa na watu wote humwagikia njia nyingine. Kwa miezi hiyo mimi huongeza nusu saa kati ya nyumba na nyumba, na wazazi nawaambia mapema kwamba kipindi cha pili kitasogea.

Hatua ya tatu: toa na saa ambazo hakuna anayeziona

Kila kipindi cha dakika 90 kinanidai kama nusu saa ya maandalizi na kusahihisha. Ukiwa na vipindi vinane kwa wiki, hizo ni saa nne. Usipoziweka kwenye ratiba utaziiba usingizini, na mwanafunzi wa Kidato cha Nne anatambua mara moja mwalimu aliyekuja bila kupitia mada. Weka na swala zako, ibada zako, na siku moja usiyofundisha. Kama umeajiriwa shuleni, zungumza na mkuu wako kwanza ujue taratibu za shule yenu kuhusu masomo ya kulipia, na usimwahidi mzazi saa kumi wakati zamu, michezo au vikao vinaweza kukushika hadi saa kumi na moja.

Hatua ya nne: hesabu nafasi, kisha ziandike kama zilivyo

Mimi nilibaki na nafasi hizi: Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, vipindi viwili kila siku. Kila mwanafunzi huja mara mbili kwa wiki. Maana yake nina nafasi ya wanafunzi wanne siku za kazi. Wanne tu. Mara ya kwanza nilipoiona namba hiyo nilishtuka, kisha nikapiga hesabu: wanafunzi 4, vipindi 8 kwa mwezi kila mmoja, kwa 12,000, ni 384,000. Wakati nakimbizana na nyumba saba sikuwahi kufikisha kiasi hicho mkononi, kwa sababu ya nauli na vipindi vilivyovunjika. Jumamosi nina kikundi cha Kidato cha Pili cha watoto watatu wa mtaa mmoja, na baada yake nafasi moja ya akiba nitakayoieleza mbele.

Tangazo langu, liwe kwenye status ya WhatsApp au karatasi iliyobandikwa dukani, husomeka hivi:

Hisabati na Fizikia, Kidato cha 1 hadi cha 4. Nafika nyumbani.
Kimara, Korogwe, Ubungo: Jumatatu na Jumatano, saa 12:15 jioni hadi 1:45 usiku (nafasi moja)
Tabata, Kimanga, Segerea: Jumanne na Alhamisi, saa 10:30 hadi 12:00 jioni (nafasi moja)
Jumamosi asubuhi na siku nyingine: zimejaa.

Angalia mambo mawili hapo. Maeneo yameunganishwa na siku, kwa hiyo anayeishi Mbagala hapotezi vocha yake kunipigia. Na neno "zimejaa" lipo kwa sababu ni kweli. Usiandike zimejaa kama hazijajaa. Mtaani watu wanajuana, na mama wa mwanafunzi wako mmoja atamwambia jirani yake ukweli siku hiyohiyo. Kama unaanza na huna mwanafunzi, andika nafasi nne na saa zake nne. Saa iliyotajwa ina uzito hata ikiwa tupu.

Andika "jioni", "usiku", "asubuhi" kila mara. Saa 1:30 bila neno lolote mbele yake imeshanigharimu kipindi kimoja: mzazi aliyezoea saa za kwenye simu aliisoma kuwa mchana.

Hatua ya tano: mazungumzo ya simu

Mzazi akipiga, usikimbilie kutaja saa. Uliza kwanza, kwa adabu:

"Shikamoo mama. Asante kwa kunipigia. Naomba niulize: kijana anafika nyumbani saa ngapi hasa akitoka shule? Anakwenda chuo au mafundisho siku zipi? Na saa hizo atakuwepo mtu mzima nyumbani?"

Swali la mwisho lisikwepwe, ingawa walimu wengi hulionea aibu. Mimi siingii nyumba ambayo mtoto yuko peke yake. Tunasoma sebuleni au barazani, mlango wazi, na mtu mzima yupo: mama, bibi, shangazi, dada wa kazi. Hili humlinda mtoto na humlinda mwalimu, na pia hugusa ratiba moja kwa moja, kwa sababu nyumba nyingi za Dar hazina mtu mzima kabla ya saa kumi na mbili. Kama nyumba iko hivyo, saa yako ya kumi na nusu haina kazi hapo hata mtoto akiwa huru. Mpe ya jioni, au muulize kama watoto wanaweza kusomea kwa jirani mnayeelewana naye.

Ukishajibiwa, taja nafasi mbili, usiache swali wazi. "Basi mama, nina Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu, au siku hizohizo saa kumi na mbili na robo. Ipi itamfaa zaidi?" Mara nyingi anachagua palepale. Ukimuuliza "Unataka lini?" atasema ngoja aongee na baba yake, na huo ndio mwisho.

Akitaja saa usiyokuwa nayo, mwambie huna. Najua ugumu wake kodi ikiwa inadaiwa. Lakini saa ya kulazimisha utaishika wiki mbili, ya tatu utachelewa, ya nne utatuma ujumbe wa udhuru, na mtoto ndiye atakayebaki na mada ya mafumbo ya aljebra nusunusu. Mimi husema: "Hapo nitakudanganya, mama. Nafasi hiyo ikifunguka nitakutafuta wewe kwanza." Kisha naandika jina kwenye daftari, na ninapiga kweli.

Hatua ya sita: mwaka una misimu yake

Januari wazazi wametoka kulipa ada, sare na madaftari, simu ni chache. Usivunjike moyo na usiongeze saa za ajabu kwa kuogopa. Simu huanza matokeo ya mitihani ya shule yakitoka, na Julai hadi Septemba ni za Darasa la Saba. Darasa la Nne wana upimaji wao Oktoba, Kidato cha Pili na cha Nne Novemba, Kidato cha Sita Mei. Mwanafunzi wa mtihani atakuomba kipindi cha tatu kwa wiki miezi miwili ya mwisho. Kama umejaza kila saa, huna cha kumpa. Mimi kuanzia Agosti siingizi mtoto mpya kwenye nafasi inayofunguka, nawaachia hao nilionao tangu mwanzo wa mwaka.

Likizo za Juni na Desemba wanarudi wa bweni, nao wako huru mchana kutwa. Watangazie katikati ya Mei na Novemba, kwa wiki na tarehe, maana wengi husafiri kwenda mikoani na mzazi anapanga mapema.

Ramadhani husogea nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo iangalie kwenye kalenda kabla hujapanga muhula. Mtoto aliyefunga saa kumi na moja jioni hana nguvu ya Fizikia, na Dar jua linazama karibu na saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo kipindi chako cha pili kinaangukia futari. Kwa mwezi huo naviweka vipindi mapema mara tu baada ya shule, navipunguza kuwa saa moja, na Jumamosi naanza asubuhi zaidi kwa wasio na chuo. Waambie wazazi wiki moja kabla. Kuna mama mmoja aliniambia ameniamini tangu siku nilipotaja futari kabla yeye hajaitaja.

Hatua ya saba: nafasi ya akiba

Kati ya yote, hili ndilo ningependa ulichukue. Acha nafasi moja kwa wiki isiyouzwa. Yangu ni Jumamosi saa nane mchana. Mtoto akiugua, mvua ikinyesha, msiba ukitokea kwetu au kwao, kipindi kinahamia hapo. Kabla sijawa na nafasi hiyo, kila kipindi kilichovunjika kilikuwa deni la kuzungushana hadi mwisho wa mwezi, mzazi anataka kukata pesa, mimi nataka kufidia lakini sina lini. Sasa jibu ni fupi: "Jumamosi saa nane." Wiki isiyo na dharura, nasahihisha au napumzika.

Siku ya kwanza tunakubaliana: anayeahirisha aseme siku moja kabla, malipo ya mwezi hutolewa mwanzoni, mwalimu akikosa atafidia bila malipo, mwanafunzi akikosa bila taarifa kipindi kimehesabiwa. Nayatuma kwa maandishi mafupi ili baba na mama wote wayaone. Nikiwa barabarani na naona nitachelewa hata dakika kumi, natuma ujumbe nikiwa bado njiani, kabla saa haijafika.

Kama unafundisha kwa simu walio nje

Wazazi wa Kitanzania walioko Oman au Uingereza wanatafuta walimu wa Kiswahili kwa watoto wao, na baadhi ya saa zao zinaangukia muda ambao hapa huna mtu. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja, na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. London iko nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi. Wiki hizo mbili za mwaka zitie alama kwenye kalenda, na ahadi iandike kwa saa za kule mtoto aliko. "Saa kumi" ya kwetu na "kumi" ya kwao hupishana saa sita kabla hata hujagusa tofauti ya nchi. Chagua pia saa ambayo mtandao wa mtaani kwako hausuisui, na uwe na bando na chaji ya akiba.

Ukijaa

Badilisha tangazo siku hiyohiyo: "Nimejaa hadi Desemba. Naandika majina ya Januari." Mwenye haraka mpe namba ya mwalimu mwenzako unayemwamini, kwa idhini yake. Kama kuna watoto wawili wa darasa moja kwenye mtaa mmoja, waulize wazazi kama wako tayari wasome pamoja kwa bei nafuu kidogo kila mmoja. Nafasi moja inabeba wawili na hujaongeza hata dakika ya barabara.

Kila mwisho wa muhula fungua daftari uhesabu: kila nafasi ilivunjika mara ngapi, na kwa sababu gani. Kwangu kipindi cha pili cha Alhamisi, Segerea, kilivunjika mara tano katika muhula mmoja, zote kwa foleni. Nilimfuata mzazi nikamweleza, tukakihamishia Jumamosi kabla ya kikundi. Alhamisi saa kumi na mbili na robo sasa ipo kwa mtoto anayeishi hatua mia mbili kutoka nyumba ya kwanza, na haijavunjika tena.